Mwaka wa Mifuko Iliyoshonwa

Yote yaliyomo humu ni kweli tupu, kuanzia filimbi ya Kristofa hadi paa la Mwanahawa. Msimulizi ameapa kwa kaburi la baba yake na kwa macho yake yote mawili, pamoja na lile la kushoto ambalo siku hizi linaona linapotaka. Juu ya kiapo ameweka na dau: atakayekuta uongo humu ndani, hata mdogo wa kufichika chini ya ulimi, aje Malindi ya Lushoto, si ile ya pwani, achague jogoo yeyote uwanjani kwake. Majogoo wapo saba na wote wana afya. Msimulizi hana wasiwasi. Kisa hiki amekisimulia miaka na miaka, na hajapoteza hata unyoya.

Mambo yenyewe yalitokea mwaka wa sitini na tano, kwenye uchaguzi wa kwanza wa wabunge tangu tupate Uhuru.

Tobia alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mboga pale Malindi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja, mke mmoja na ng'ombe mmoja. Wakulima ndio waliomsukuma agombee. Kila masika barabara ilikatika na kabichi zikaozea kwenye magunia, na Tobia ndiye aliyekuwa akiandika barua za malalamiko, barua nzuri zenye mhuri, ambazo hazikujibiwa. Wakamwambia, "Katibu, barua zako hazifiki. Safari hii tunakutuma wewe mwenyewe." Akakubali. Alikwisha kukubali ndipo akamkumbuka ng'ombe.

Secilia, mkewe, hakuwa amemsahau hata dakika moja. Tobia alimkuta bandani anakamua.

"Baba Marta," alisema Secilia bila kugeuka, "unakumbuka kaka yangu Yohane alipogombea baraza la wilaya?"

"Nakumbuka."

"Alianza na mbuzi wanne. Kila aliyepita akala. Walipomaliza kula wakaenda kumchagua mwenzake, kwa sababu mwenzake alikuwa na pombe ya miwa."

"Nakumbuka, mama Marta. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Ulikula mguu." Maziwa yakaendelea kulia ndooni. "Huyu anaitwa nani?"

"Anaitwa Neema."

"Basi Neema hagombei."

Tobia akatoka bandani na mawazo tele. Aliyepangwa kushindana naye alikuwa Abdallah, mfanyabiashara wa mboga mwenye lori lake mwenyewe, mtu ambaye sokoni Lushoto nusu ya watu walikuwa wamewahi kupanda gari lake bure au kunywa chai yake. Mtu mwenye ng'ombe mmoja angefanya nini mbele ya mtu mwenye lori?

Jibu alilipata siku wagombea wote wawili walipoitwa kwenye ofisi ya Chama, Lushoto. Ofisa aliwasomea masharti kwa sauti kavu. Mgombea hatatumia fedha yake hata senti. Hatatoa chakula, pombe, zawadi wala usafiri. Hataitisha mkutano wake peke yake. Chama kitawapa gari moja, watapanda wote wawili na kusimama jukwaa moja, na kila mmoja atazungumza dakika ishirini, kwa Kiswahili, si Kishambaa. Mmoja atakuwa na alama ya Jembe na mwenzake Nyumba. Atakayekiuka ataonywa mara moja. Mara ya pili jina lake linafutwa.

Tobia alijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi mgongoni. Alitaka kucheka, akaona si adabu. Akamgeukia Abdallah kwa huruma, maana huyu ndiye aliyekuwa ananyang'anywa silaha. Abdallah alikuwa anajifuta macho kwa kofia.

"Pole, ndugu yangu," Tobia akamnong'oneza.

"Pole ya nini?" Abdallah akajibu, sauti inatetemeka. "Wewe hujui. Tangu jina langu lipite, nimepata wajomba kumi na wanne. Nilikuwa na wajomba watatu tu. Juzi mmoja alikuja na kitanda chake. Nilishaanza kutafuta mtu wa kumuuzia lori." Akavaa kofia. "Leo nitalala, bwana. Nitalala kama mtoto mchanga."

Kura ya alama ikapigwa. Tobia akapata Jembe, Abdallah akapata Nyumba. Chama kikatoa jembe moja jipya, likaandikwa kwenye daftari, ili Tobia aliinue jukwaani watu waione alama. Kwa Abdallah ilikuwa shida, kwa sababu nyumba haiinuliki. Mwishowe mkewe Zuhura akamtengenezea kijumba kwa boksi la sabuni, kina mlango na madirisha mawili, nacho kikaandikwa daftarini.

Zuhura hakuishia hapo. Alimjua mumewe. Abdallah alikuwa na mkono ambao, akiamkiwa tu, uliingia mfukoni wenyewe kabla hajafikiri. Basi Zuhura akachukua sindano akaishona mifuko yote, ya kanzu, ya koti, na ule wa siri wa ndani. Kampeni nzima Abdallah alionekana akiamkiwa huku mkono wake unapapasa ubavuni kama panya anayetafuta tundu, haupati, unarudi.

Wasimamizi walikuwa watatu. Wawili hawana habari, walikuwa watu wa kukubali. Wa tatu ndiye Kristofa, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, mtu mwenye saa ya mnyororo, filimbi, na daftari la makosa. Inasemekana Kristofa alipokuwa karani alijiandikia faini yeye mwenyewe kwa kuchelewa kazini, akailipa, akajipa na risiti. Gari lilikuwa Landrova, na dereva wake alikuwa kijana mmoja mnyofu, mchapakazi, mzuri wa sura, asiyelala wala kusinzia. Jina lake litatajwa wakati wake.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Malindi kwenyewe, na hapo hapo Tobia akapata onyo.

Alikuwa ameshuka jukwaani, dakika zake zimekwisha, amesema ya barabara na watu wamemwelewa. Akakutana na baba mkwe wake, mzee mwenye fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesema vizuri. Nipe ugoro."

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Kwetu huku baba mkwe haambiwi hapana, hata akiomba koti lililo mwilini. Tobia akatoa kopo, mzee akachota kwa vidole viwili, akavuta, akapiga chafya. Chafya haijaisha, filimbi ikalia.

"Mgombea wa Jembe," alisema Kristofa huku anaandika, "ugoro, vidole viwili, kwa mpiga kura."

"Mzee Kristofa, huyu ni baba mkwe wangu."

"Ana miaka ishirini na moja?"

"Ana sabini."

"Basi ni mpiga kura. Onyo la kwanza. La pili, jina nalifuta, na sitauliza ni la mkwe wala la nani."

Tobia akabaki amesimama na kopo lake. Wakulima wake walikuwa wanamtazama kwa mbali, wale wale waliomwambia tunakutuma wewe mwenyewe. Tangu saa ile alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Nyumba za jamaa aliziona akapita upande wa pili wa barabara. Watu walimkaribisha uji akakataa, kwa sababu aliogopa asije akashukuru kwa kitu. Alipiga hesabu ya mikutano iliyobaki kama mfungwa anavyohesabu miezi. Ilibaki kumi na miwili, kisha sita, kisha ukabaki mmoja tu mgumu, ule wa Mnazi.

Mnazi iko bondeni. Unatoka huku kwenye ukungu umevaa koti, unateremka makona hadi masikio yanaziba, na ukifika chini jua linakupokea kama limetumwa. Watu wa kule hawakumjua Tobia. Kabichi hawalimi, na habari ya barabara ya Malindi waliisikia kama hadithi ya nchi nyingine. Njia nzima Tobia alikuwa kimya, na Abdallah, ambaye walikwisha kuzoeana kama watu waliolala hospitali moja, akamgusa goti.

"Ndugu, mbona hivyo?"

"Nawaza. Kura za Mnazi ndizo zitakazoamua."

"Sawa. Lakini angalau hakuna anayekuomba kitu."

"Mpaka sasa," akasema Tobia.

Mkutano ulijaa. Msimulizi alihesabu watu mia nne, ukiacha waliokuwa juu ya miti. Tobia akapanda jukwaani, akaliinua jembe la Chama juu, akaanza, "Ndugu wananchi," na kabla hajafika kwenye "wananchi" jembe halikuwa mkononi.

Alikuwa amelichukua mwanamke mmoja mnene, mwenye kanga mbili na kicheko kilichosikika kabla yake. Huyo ndiye Mwanahawa, Mzigua wa Handeni aliyeolewa Mnazi. Alilichukua jembe kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayeanua nguo kambani, akaliweka begani.

"Wewe ni Mshambaa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mama yako yuko kwenu anachuma maharage. Mimi ni mtani wako. Hivi nyie watu wa baridi mnateremka huku kwetu mnatutikisia jembe letu usoni, hamjaomba hata njia? Jembe limekaa. Likomboe."

Watu mia nne wakacheka kwa pamoja. Ikabidi Tobia naye atabasamu, maana Washambaa na Wazigua ni watani tangu zamani. Mtani akishika kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Ukikasirika umejidhalilisha, na ukiondoka hukukomboa, jina lako linabaki pale linachekwa mpaka na wajukuu. Nani angempigia kura mtu aliyemkimbia mtani?

"Unataka nini, mtani?" Tobia akauliza.

"Ng'ombe."

Tobia akamwona Neema mbele ya macho yake. "Ng'ombe ni mgonjwa," akasema.

"Basi mbuzi."

"Mbuzi waliliwa kwenye uchaguzi wa shemeji yangu."

Kicheko kingine. Mwanahawa akamkagua kuanzia viatu hadi kola ya koti. "Maskini wa watu. Haya, jogoo. Jogoo mmoja, mwekundu, anayewika. Chini ya hapo unanitukana."

Jogoo angepatikana. Mnazi nzima walikuwa wanapita miguuni. Lakini Tobia alisikia nyuma yake daftari linafunguliwa.

"Mgombea wa Jembe," alisema Kristofa, "ukitoa jogoo, nafuta."

"Na asipotoa," Mwanahawa akamwambia Kristofa, "jembe nalala nalo. Nani huyu mwenye kengele shingoni?"

"Ni filimbi, mama. Na hilo jembe ni mali ya Chama, limeandikwa."

"Kama limeandikwa, lisome lilipo."

Kristofa akafunua daftari, akalifunga, akalifunua tena. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa na sheria mbili na hajui ipi ikae juu. Naye alikuwa Mshambaa. Alijua kwamba mtani hashitakiwi, hata Mwanahawa akifikishwa mahakamani, hakimu angecheka tu akamwachia. Na jembe lisiporudi, yeye Kristofa ndiye angeandika barua ya kueleza mali ya Chama ilipotelea wapi.

Tobia alisimama katikati, jua linamchoma, koti limelowa. Aliwaza habari za kurudi Malindi na kuwaambia wakulima kwamba jina limefutwa kwa ajili ya kuku.

"Mtani," akasema taratibu, "mimi nimekatazwa kutoa kitu. Sikukatazwa kutoa jasho. Una shamba?"

"Kila mtu ana shamba."

"Nikulimie. Kwa jembe hilo hilo."

Watu wakasogea ili wasikie. Kristofa akapekua masharti, kidole kinatembea mstari kwa mstari. "Fedha, chakula, pombe, zawadi, usafiri," akasoma. "Jasho halimo."

Abdallah akainuka kutoka kwenye benchi. "Ngoja, mzee Kristofa. Kibarua akilima analipwa. Mwenzangu akimlimia mpiga kura bure, amempa pesa."

"Sahihi kabisa," akasema Kristofa, na uso wake ukachangamka, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona njia. "Kwa hiyo mtalima wote wawili, kipande sawa, muda sawa. Mkitoa sawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Dakika ishirini kila mmoja."

"Mimi sijakubali," akasema Mwanahawa. "Kulimiwa ninalimiwa na mume wangu. Nataka jogoo."

Hapo ndipo dereva, yule kijana mnyofu, aliposhuka kwenye Landrova, akamsogelea Mwanahawa kwa heshima, akamnong'oneza maneno mawili matatu ya busara. Mwanahawa akamtazama sana. Kisha akalegea.

"Haya," akasema. "Walime."

"Dereva, umemwambia nini?" Kristofa akauliza.

"Nimemkumbusha umoja wa taifa, mzee."

Msafara mzima ukaenda shambani kwa Mwanahawa. Tobia akapewa zamu ya kwanza. Alivua koti, akalikunja, akalima kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni, udongo unaruka, na kila tuta alilomaliza alihisi jina lake linarudi karatasini herufi moja moja. Watu wa Mnazi, ambao hawakumsikia hata neno moja la barabara, sasa walikuwa wanamtazama mikono.

Filimbi ikalia. Zamu ya Abdallah. Abdallah akalishika jembe, akaliangalia, akalirudisha.

"Hapana. Mimi alama yangu ni Nyumba. Nishike Jembe mbele ya watu mia nne? Hiyo si nimempigia kampeni mwenzangu?"

Kristofa akakaa chini, palepale kwenye tuta.

"Ana haki," akasema Tobia, kwa sababu ni kweli alikuwa na haki, na kwa sababu walikuwa wamekwisha kuzoeana.

"Nyumba unaijua kuitengeneza?" Mwanahawa akamuuliza Abdallah. "Maana ninayo, na inavuja upande wa jikoni."

Ikaamuliwa hivi, na uamuzi ukaandikwa daftarini ukurasa mzima: kila mgombea atalima dakika ishirini na kila mgombea ataezeka paa dakika ishirini, ili Jembe na Nyumba zishikwe sawasawa na watu wote wawili. Hivyo Abdallah mwenye lori, mtu wa kanzu safi, alilima mpaka viganja vikatoa malengelenge, kisha wote wawili wakapanda juu ya paa la Mwanahawa, mmoja anapokea nyasi na mwingine anafunga kamba, Kristofa chini na saa yake. Kule juu Abdallah alicheka mpaka akashika boriti ya paa asianguke.

"Unacheka nini?" Tobia akauliza.

"Wajomba zangu kumi na wanne," akasema Abdallah. "Wakisikia kwamba msaada wenyewe sasa ni wa kulima, sitawaona mpaka kiama."

Na kweli habari ilitembea kasi kuliko Landrova. Kuanzia Mnazi, kila kijiji walichofika kilikuwa kimeandaa mtani, na kila mtani alikuwa na paa bovu. Wenye majina ya Kizigua waligunduliwa hata mahali ambapo hawakuwahi kuishi. Wagombea wale wawili walilima, kwa hesabu ya msimulizi, ekari sitini na tatu, wakaezeka nyumba kumi na saba na zizi moja, na mwaka ule wilaya nzima haikuona njaa. Kuna watu walioomba uchaguzi uwe kila baada ya miezi sita. Pesa iliyotumika ilikuwa sifuri. Kristofa alijumlisha mara tatu, akapata sifuri ile ile, akaipigia mstari chini kwa wino mwekundu.

Siku ya kura ilipita salama. Karatasi zilikuwa na majina yote mawili, Jembe na Nyumba, na Tobia alipoipokea yake alilisoma jina lake polepole, kama barua iliyojibiwa baada ya miaka. Aliporudi nyumbani alikwenda kwanza bandani. Neema alikuwepo, anatafuna. Secilia akamtazama mumewe, akamtazama ng'ombe, akasema, "Basi hata ukishindwa tumeshinda."

Hakushindwa. Alimzidi Abdallah kwa kura kumi na tisa. Abdallah ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika Malindi kumpa mkono, na alikuja na Zuhura na mkasi. Zuhura akaifumua mifuko ya mumewe mbele ya watu wote, mmoja mmoja. Abdallah akaingiza mkono polepole, akaukuta mfuko, akafumba macho.

Kisa kingeishia hapo, kizuri na kisafi, lakini msimulizi, baada ya kuandika haya yote, alitaka kuyasoma kwa sauti mbele ya watu ili asiambiwe amebuni. Bahati ikawa kwamba Bibi Mwanahawa alikuwa amepanda mlima kumtazama mjukuu wake aliyeolewa Malindi. Akaalikwa. Mzee Tobia naye akaja, siku hizi analima mapeasi na koti bado analo. Wakakaa uwanjani, majogoo saba wanapita. Msimulizi akasoma tangu mwanzo hadi mkasi.

Bibi Mwanahawa alikuwa anakula karanga. Alimaliza ya mwisho kwanza.

"Omari," akasema.

Omari ndilo jina la dereva, na dereva ndiye msimulizi. Iliahidiwa kwamba litatajwa wakati wake.

"Naam, bibi."

"Ekari sitini na tatu?"

"Labda sitini."

"Shamba langu lilikuwa matuta manane. Na baada ya kwangu hawakulima popote, walipanda gari wakarudi kwenu, kwa sababu yule mwenye lori mikono ilivimba. Na wewe ulilala kwenye gari tangu mlipofika mpaka nilipochukua jembe. Nilisikia unakoroma nikiwa jukwaani."

"Nilikuwa nimefumba macho kwa ajili ya jua."

"Sawa. Sasa wasomee yale maneno mawili matatu ya busara."

Msimulizi akatafuta miwani, nayo ilikuwa usoni. Mzee Tobia akageuza shingo taratibu.

"Aliniambia hivi," akasema Bibi Mwanahawa. "Mtani, kubali walime, tumalize, jogoo nitakuletea mimi nikipita wiki ijayo. Nikangoja wiki ijayo. Mwaka huu tunaingia wiki ijayo nyingine."

Mzee Tobia akashika goti lake. "Omari. Uliahidi jogoo kwa mpiga kura? Wakati mimi nimeshapewa onyo? Kristofa angesikia, angenifuta jina palepale."

"Ndiyo maana nilinong'ona, mheshimiwa."

"Miaka yote hii nimewaambia watu uchaguzi wangu haukununuliwa hata kwa senti."

"Haukununuliwa," msimulizi akajitetea. "Sikulipa. Ahadi isiyolipwa si matumizi. Hata Kristofa angekubali."

"Lakini ukilipa leo?" akauliza Mzee Tobia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona bunge lake lote la miaka mitano limesimama juu ya miguu miwili ya kuku. "Kura yake itakuwa ilinunuliwa. Na nilishinda kwa kumi na tisa tu."

Bibi Mwanahawa akakung'uta maganda ya karanga kwenye kanga, kisha akacheka kile kicheko chake, ambacho hakijapungua hata kidogo.

"Tulia, mtani. Mimi nilipiga Nyumba."

"Nyumba?"

"Wewe ulilima vizuri, sikatai. Lakini matuta hufutwa kila mwaka. Paa nililiona litadumu, na kweli lilikaa miaka sita bila kuvuja, na upande ule aliufunga yeye Abdallah. Kwa hiyo jogoo hakununua kitu. Uchaguzi wako ni safi kama maji ya mlimani kwenu. Jogoo ni deni la utani tu, langu na huyu."

Mzee Tobia akapumua, pumzi ndefu ya mtu aliyeibana tangu mwaka wa sitini na tano bila kujua. Akavua koti. Akaanza kucheka, akacheka mpaka Secilia akatoka jirani kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka na yeye. "Kumbe Neema tulimgombania bure," akasema.

Walipotulia, Bibi Mwanahawa alikuwa amekwisha kusimama. Kwa umri wake mtu asingetegemea. Mwekundu mkubwa, yule anayewika kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa, alikuwa kwapani kwake kulia.

"Huyu ni wa ahadi," akasema. Akainama tena, na kabla msimulizi hajafika, mweupe mwenye mkia mrefu alikuwa kwapani kushoto. "Na huyu ni wa dau. Ekari sitini na tatu, Omari."

Msimulizi alimsindikiza hadi barabarani, akamtafutia na kamba ya kuwafunga miguu. Majogoo sasa wapo watano. Yaliyobaki humu ndani ni kweli tupu.